Barua ya Juni 2002: mpira, ruhusa na saa za serikali

Kwanza niweke sawa jambo moja kwa msomaji asiyeifahamu Dodoma. Kikuyu ninayoizungumzia hapa si ile ya Kenya. Ni kata ya hapa hapa mjini, penye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, eneo ambalo wazee bado wanaliita Mazengo kwa sababu ya shule ya sekondari iliyokuwepo kabla ya chuo. Nimekulia hapa. Vumbi la Agosti nalijua, na upepo wake pia.

Basi, juzi baba alinituma nimtafutie nyaraka zake. Alistaafu utumishi wa serikali, na kama kawaida mfuko wa pensheni ulitaka karatasi ambayo yeye aliapa aliishaipeleka mara mbili. Tukafungua lile sanduku la bati la chini ya kitanda. Barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja, maombi ya nauli ya likizo ya kwenda kijijini. Katikati ya hayo yote kukawa na karatasi moja iliyopigwa kwa taipureta, ya Jumatatu tarehe 3 Juni 2002. Inamtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini hakuwepo kwenye kituo chake cha kazi Ijumaa tarehe 31 Mei 2002, kuanzia saa 8:15 mchana hadi muda wa kufunga ofisi.

Tarehe ile niliitambua kabla sijamaliza mstari. Mwaka 2002 nilikuwa na miaka mitatu tu, lakini hakuna shabiki wa mpira Afrika asiyeijua. Ndiyo siku Senegal, wakiwa kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yao, waliwafunga Ufaransa 1-0 kwenye mechi ya ufunguzi mjini Seoul. Ufaransa wakiwa mabingwa watetezi! Bao la Papa Bouba Diop, dakika ya 30.

Nikamtazama baba. Akacheka, akasema: "Hiyo iache humo humo."

Mimi sikuiacha. Kazi yangu ni kuandika habari, na karatasi ya namna hiyo ni habari iliyokaa sandukuni zaidi ya miaka 20.

Tuanze na saa, maana kesi yote iko kwenye saa. Ofisi za serikali Tanzania zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Sasa Korea na Japani ziko mbele yetu kwa saa sita. Mechi za 2002 zilichezwa kule saa 9:30 alasiri, saa 12 jioni na saa 2:30 usiku. Kwa huku kwetu hiyo ni saa 3:30 asubuhi, saa 6 mchana na saa 8:30 mchana. Yaani mechi zote tatu za siku zilianza ndani ya saa za ofisi, kana kwamba aliyepanga ratiba alikuwa na daftari letu la mahudhurio mbele yake. Waingereza na Argentina, Ijumaa tarehe 7 Juni: saa 8:30 mchana. Brazil na Waingereza robo fainali, Ijumaa tarehe 21 Juni: saa 3:30 asubuhi, chai ya ofisi haijafika. Fainali angalau iliangukia Jumapili.

Kwa hiyo mechi ya Senegal ilianza zikiwa zimebaki dakika 60 ofisi ifungwe. Baba aliondoka saa 8:15 kwa sababu ilibidi atembee hadi Uhindini, kwenye duka la vinywaji lenye televisheni. Kosa lake lote, ukilipima kwa saa, ni saa moja na robo.

Ila hakuwa peke yake. Anasema ukumbi mzima wa makarani ulibaki na makoti kwenye viti. Hii mbinu ya koti unaijua, msomaji: koti linaning'inia, kalamu iko wazi juu ya faili, mwenye koti hayupo. Wengine wanne waliandikiwa barua kama ile. Mmoja akajieleza kwamba alikwenda kliniki, na akaambatisha karatasi. Wawili walikuwa msibani. Wa nne alipeleka mtoto hospitali. Baba peke yake akaandika kwamba alikwenda kutazama mpira, kwamba Senegal walikuwa wakiiwakilisha Afrika, na kwamba yuko tayari kufidia muda ule Jumamosi. Nakala ya majibu yake imo sandukuni pia, kwa mwandiko wake ule wa shule ya zamani, herufi zimelala upande mmoja.

Wale wanne yakaisha. Yeye akapewa karipio la maandishi, likaingia kwenye jalada lake. Ofisi siitaji, na aliyesaini ameshatangulia mbele ya haki. Lakini baba anaamini mpaka leo kwamba karatasi ile ndiyo iliyomchelewesha daraja miaka miwili, na miaka miwili ya daraja ukiipeleka mpaka kwenye hesabu za mafao si kitu kidogo.

Nilipolisikia hilo ndipo nilipoanza kujiuliza: hivi mpira na kazi viligombania saa tangu lini?

Jibu la kwanza linashangaza. Mwanzoni havikugombana kabisa. Mpira huu tunaoucheza uliwekwa kwenye kalenda na kazi yenyewe. Uingereza ya karne ya 19 viwanda vilikuwa vikimbana mtu siku sita. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ikaamuru viwanda vya nguo visimame saa 8 mchana kila Jumamosi. Nusu siku ile ndiyo iliyokuja kuwa nyumba ya mpira wa miguu, na ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanaona Jumamosi alasiri kuwa saa halali ya mechi. Kuna klabu kongwe iliyobeba ushahidi huo kwenye jina lake: Sheffield Wednesday. Wednesday ni Jumatano. Ilitokana na klabu ya kriketi ya mafundi ambao nusu siku yao ya mapumziko ilikuwa Jumatano, na tawi la soka likaanzishwa mwaka 1867. Fikiria klabu ya kwetu inaitwa Kariakoo Alhamisi.

Ukoloni ukatuletea mpira na saa ya kazi kwenye meli moja. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, na pamoja na reli ikaja kengele, zamu, na mtu wa kusimamia nani kafika na nani hajafika. Kabla ya hapo Mgogo alikuwa na ng'ombe na mtama wake, na vyote viwili vina saa zake, lakini hakuna aliyekata mshahara kwa dakika kumi. Baadaye waajiri wenyewe wakaona faida ya kuwapa watu mpira. Hata mashindano makongwe ya ukanda huu, Kombe la Gossage lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda na Tanganyika kujiunga mwaka 1945, yalibeba jina la mtengeneza sabuni. Mpira ulikuwa wa mwajiri tangu asubuhi, tusijidanganye.

Baada ya Uhuru hali haikubadilika sana, ila mwajiri mkubwa sasa alikuwa serikali na mashirika yake. Angalia majina ya timu za zamani: Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, na za viwanda vya sukari, Mtibwa na Kagera, ambazo mashabiki wa leo wanazijua. Mtibwa walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Dodoma tulikuwa na timu ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa mwaka 1973 serikali ilipoamua kuhamia hapa, na ikavunjwa na Rais Magufuli Mei 2017. Tulikuwa pia na timu iliyoitwa Waziri Mkuu kabisa. Hebu fikiria mtangazaji akisema Waziri Mkuu kafungwa nne.

Kwenye timu hizi mchezaji alikuwa mwajiriwa. Aliandikwa karani, dereva, mlinzi au fundi, na jioni akaenda mazoezini kwa ruhusa ya mkuu wake. Ukikutana na wazee waliocheza enzi hizo, neno "ruhusa" hawalitamki kwa woga kama sisi. Kwao ruhusa ya michezo ilikuwa sehemu ya ajira. Mtu alipata kazi kwa sababu ya mguu wake wa kushoto.

Mabaki ya mfumo huo bado yapo. Kuna SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali. SHIMUTA ya mashirika ya umma na kampuni. Na SHIMISEMITA ya watumishi wa serikali za mitaa. Kila msimu ukifika, watumishi wa umma wanapakia mabasi kwenda kucheza soka, netiboli, bao, karata na kuvuta kamba kwa siku kadhaa, wakiwa kazini kwa maana ya karatasi. SHIMIWI ilikaa kimya miaka kadhaa ikarudi 2021 Morogoro, kisha ikaenda Tanga 2022 na Iringa 2023. Mimi si mmoja wa wanaoicheka. Ila nakiri kuna kitu cha ajabu hapa: mtumishi akiondoka wiki mbili kwenda kuvuta kamba ana barua ya kibali, na akiondoka saa moja na robo kwenda kumtazama Bouba Diop ana barua ya karipio. Kucheza ni kazi, kutazama ni utoro.

Turudi nyuma kidogo. Kutazama kulianzaje kuwa utoro? Kwa vizazi viwili vya Watanzania Bara swali hilo halikuwepo, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Huku bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza. Kabla ya hapo mpira ulikuwa redio. Na redio ina adabu moja ambayo televisheni haina: haikutoi mezani. Peter Tino alipofunga bao lile la Ndola mwaka 1979 dhidi ya Zambia, sare ya 1-1 iliyotupeleka Fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, nchi nzima ilimsikia kwa masikio. Baba alikuwa kijana wa shule. Anasema hata mwalimu alikuwa na redio ndogo ya betri, na kila mmoja akijua, na hakuna aliyehama mahali pake.

Picha ndiyo iliyowatoa watu ofisini. Na picha ilikuwa mbali. Mwaka 2002 televisheni zilikuwa chache, watu wakafuata zilipo: baa, maduka, na vile vibanda ambavyo baadaye tukaviita vibanda umiza, kwa jinsi mnavyobanana kwenye benchi mpaka mbavu ziseme. Utoro wa mpira ninaouzungumzia ni mtoto wa televisheni chache. Leo mechi iko kwenye simu, chini ya meza, sauti imezimwa, na mtu yupo kituoni kwake kabisa. Sijui afisa utumishi wa leo angeandika barua gani.

Ratiba nazo zimekuwa zikitubadilishia kosa. Ujerumani 2006 mechi za kwanza zilianza saa 10 jioni kwa saa zetu, ofisi za serikali zimeshafungwa, baba hakuandikiwa barua na mtu. Afrika Kusini 2010 mechi ya mapema ilirudi saa 8:30 mchana, na makoti yakarudi vitini. Brazil 2014 zilianza saa 1 usiku na nyingine zikaanza saa 5 na saa 7 usiku. Hapo hakuna aliyetoroka, watu walifika kazini wote wakiwa wamekufa usingizi. Urusi 2018 na Qatar 2022 saa zao zilifanana na zetu. Na ratiba ya 2026 ya Marekani, Kanada na Mexico imejaa mechi za usiku wa manane hadi saa 10 alfajiri. Kwa mwajiri, mwaka wa kutoroka na mwaka wa kusinzia ni hasara mbili tofauti, na daftari la mahudhurio linaiona moja tu.

Sasa sheria inasemaje? Nimeisoma, maana hili la baba lilinikera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, iliyochukua nafasi ya sheria ya ajira ya enzi za ukoloni, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Siku za sikukuu zikiangukia humo, zimeliwa. Anayepanga likizo ichukuliwe lini ni mwajiri, mradi isivuke miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha, au kumi na miwili kwa makubaliano. Kuna ruhusa ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, ya msiba wa ndugu wa karibu. Ukiisoma orodha hiyo taratibu unaona kitu. Kila ruhusa ya ghafla inayolipwa inadai mtu awe anaumwa, amezaliwa au amekufa. Mwenye furaha hana kifungu.

Ndiyo maana wale makarani wanne waliandika walivyoandika. Hawakuwa waongo kuliko baba. Walichagua tu vifungu vilivyopo. Na ndiyo maana kwenye maofisi yetu bibi mmoja anaweza kufariki mara tatu katika msimu mmoja wa ligi, na karatasi ya ED ya hospitali ikawa na thamani kuliko tiketi ya mzunguko.

Lakini humo humo kwenye sheria kuna mlango ambao watu hawaupiti. Kifungu cha 21 kinaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, alimradi wiki isizidi siku tano na saa 45 za kawaida. Kifungu kinachofuata kinaruhusu saa kukadiriwa kwa wastani wa kipindi kirefu zaidi, kupitia mkataba wa hiari na chama cha wafanyakazi. Kwa lugha ya mtaani: unaweza kukubaliana na bosi wako leo uingie saa 12 asubuhi na kesho ufidie, na usiwe umevunja kitu. Lile ombi la baba la kufidia Jumamosi, ambalo mkuu wake aliliona dharau, miaka miwili baadaye lilikuwa na ndugu zake ndani ya kitabu cha sheria. Waandishi wa sheria hawakuwa na mpira akilini, najua. Lakini mlango ni mlango.

Jambo jingine nililolikuta likanichekesha. Sheria hiyo haiwahusu walio kwenye Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Sasa hesabu timu za waajiri zilizopita Ligi Kuu miaka ya karibuni: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa, Polisi Tanzania. Walio nje ya sheria ya likizo ndio waliobaki na timu za kazini! Sisi raia wa Dodoma tumebaki na Dodoma Jiji ya halmashauri, iliyopanda 2020, na nawaombea heri kila Jamhuri inapofunguliwa.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Brazil, ambako kazi husimama tu timu ya taifa inapocheza, sheria ya Kombe la Dunia ya mwaka 2012 iliipa serikali uwezo wa kutangaza mapumziko siku za mechi za taifa mwaka 2014. Na kwenye fainali zilizofuata watumishi wa serikali kuu walipewa saa maalum za kazi siku hizo, kwa masharti ya kufidia muda. Fidia, ndugu zangu, ile ile ya baba! Saudi Arabia walipoifunga Argentina 2-1 Novemba 22, 2022, mfalme akatangaza kesho yake mapumziko kwa wote. Senegal hao hao, walipotwaa Kombe la Afrika Februari 2022, Rais Macky Sall akaifanya Jumatatu tarehe 7 kuwa sikukuu yenye malipo. London mwaka 2012, wakati wa Olimpiki, serikali iliwahimiza watumishi wake wafanyie kazi nyumbani ama wabadili saa za kusafiri.

Kwetu mtindo umekuwa zawadi, si saa. Taifa Stars walipoifunga Uganda 3-0 Machi 24, 2019 na kurudi Fainali za Afrika baada ya miaka 39, Rais Magufuli aliwaita Ikulu akawapa viwanja. Viwanja hapa hapa Dodoma. Na mzee Peter Tino naye akakumbukwa siku ile, miaka 40 baada ya Ndola. Rais Samia akaja na fedha za kila bao kwa Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, kuanzia Februari 2023. Anayefunga anapewa. Anayetazama ajieleze.

Ila naona mambo yanasogea, na Dodoma ndipo yanapoonekana. Tangu serikali ihamie kwa kishindo mwaka 2016 mji huu umejaa mashabiki wa Simba na Yanga ambao uwanja wao uko Dar. Kwa basi, kwenda tu ni saa nane au zaidi, kwa hiyo mechi ya watani katikati ya wiki ilidai siku tatu za ruhusa, na siku tatu hazipatikani bila bibi kufariki. Treni ya SGR ilipozinduliwa Agosti 2024 safari ikashuka hadi saa tatu, nne. Watani walipokutana Jumatano tarehe 25 Juni 2025, mechi iliyotakiwa kuchezwa Machi 8, Yanga wakashinda 2-0, wiki ile ile Bunge lilikuwa linamaliza hapa mjini. Rais alikuja kulifunga Ijumaa. Mtu angeweza kuondoka Dodoma asubuhi akiwa na ruhusa ya siku moja tu. Reli iliyotuletea kengele ya kazi mwaka 1910 imeanza kupunguza urefu wa uongo.

Na kuna hili ambalo wengi wamelisahau. Januari 27 na 28, 2025, kulipokuwa na mkutano mkubwa wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika jijini Dar es Salaam, serikali ilielekeza watumishi wa umma wa jiji lile wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya kufungwa kwa barabara, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezekani hivyo. Siku mbili nzima! Mbingu hazikuanguka. Agosti mwaka huo huo tukaandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, Stars wakafungua kwa kuwapiga Burkina Faso 2-0 pale Mkapa, Jumamosi saa 2 usiku, na suala la saa za kazi halikusumbua sana. Fainali za Afrika tulizopewa na wenzetu hao, zilizopangwa 2027, hazitaangukia Jumamosi usiku zote.

Hilo neno "isipokuwa" ndilo linalonirudisha nyumbani.

Wakati baba na mimi tukibishana juu ya barua, mama alikuwa upande wa pili wa sebule akichambua mlenda. Mama ni muuguzi. Nikamuuliza kama yeye aliwahi kuandikiwa barua ya mpira. Akanitazama kama nimemuuliza kama aliwahi kupanda farasi. Kisha akaeleza kitu ambacho sijakiona kwenye sheria wala kwenye waraka wowote. Wodini, tangu anaanza kazi, kulikuwa na daftari la shule la kurasa 96 lililokaa kwenye droo ya dawati. Humo wauguzi waliandika wanavyobadilishana zamu. Fulani kanishikia Jumanne mchana, nitamshikia Alhamisi usiku. Sababu haikuandikwa. Harusi, kipaimara, mtoto, mechi, uchovu, haikumhusu mtu. Kilichoandikwa ni nani anadai na nani anadaiwa. Mwisho wa mwezi msimamizi alilipitia kuhakikisha hakuna zamu iliyobaki wazi, basi. Vijana wa kiume wa maabara waliomba kushikiwa siku za mpira, na mama alikuwa anawashikia kwa sababu hapendi mpira, na wao walimlipa usiku wa mkesha wa Krismasi, ambao aliutaka kwa ajili ya kanisa.

Yaani sehemu ambayo koti kwenye kiti lingeua mtu, hakuna aliyeweka koti. Na ofisini kwa baba, ambako dakika 75 za Ijumaa alasiri zisingemdhuru yeyote, watu wanne walitunga visingizio kwenye karatasi na wa tano akaadhibiwa kwa kusema kweli.

"Sasa tarehe 31 Mei ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akasema Ijumaa zile alikuwa akishika zamu ya mchana, kwa hiyo atakuwa alikuwa anapokea wodi kwa wenzake wa asubuhi. Anakumbuka siku moja, kama saa 9 hivi, mtaa wote wa nje ulipiga kelele mara moja, wagonjwa wakashtuka, mama mmoja mjamzito akauliza kuna moto wapi. Akaenda dirishani, hakuona kitu. Akarudi kuendelea na kazi.

"Ilikuwa bao," baba akasema.

"La nani?"

Baba akaweka chini karatasi za pensheni, akavuta kiti, akaanza kumwonyesha kwa vikombe vya chai: huyu ni Diouf anapita upande wa kushoto, huyu beki kapitwa, mpira huu hapa unaingia katikati, kipa anauzuia, unamrudia Bouba Diop akiwa ameshaanguka chini...